Wakristo wa kwanza hawakuwa na Biblia kwapani

Watu wengi tunawawaza Wakristo wa kwanza wamekaa kila mtu na Agano Jipya lake, kama ibada ya Jumapili leo. Haikuwa hivyo jamani. Barua za Paulo zenyewe zilianza kuandikwa kama mwaka 50, injili zikafuata baadaye, na orodha ya vitabu 27 kama tunavyoijua inaonekana kwa Athanasius, askofu wa Aleksandria kule Misri, mwaka 367, sasa hapo katikati imani ilikuwa inatembea mdomoni. Hata barua ikifika, mmoja anasoma kwa sauti wengine wanasikiliza, maana wengi hawakujua kusoma.

Cheki Matendo 20:35, Paulo anawakumbusha wazee wa Efeso maneno ya Yesu, "Ni heri kutoa kuliko kupokea." Haya, yatafute kwenye injili zote nne, huyapati! Yalikuwa yanazunguka kwa mdomo tu. Na kwenye 1 Wakorintho 15 anasema kabisa aliwapa yale aliyoyapokea, halafu anashusha kafomula kafupi: Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka, akamtokea Kefa (yaani Petro). Kafupi hivyo kanashikika kichwani hata kwa asiyejua herufi moja.