Je, wajua kwa nini kubana zaidi si dawa ya kila tatizo la sakafu ya nyonga?

Mkojo unaomtoka mtu anapokohoa, kucheka au kunyanyua ndoo huhesabiwa kuwa dalili ya misuli iliyolegea, na ushauri huwa mmoja: bana. Nami niliamini hivyo kwa miaka. Niliiona sakafu ya nyonga, yaani misuli iliyotandikwa kutoka mfupa wa kinena hadi kifandugu, kama kitanda cha kamba, ambacho kikibonyea hukazwa kamba zake.

Kwa wengi ushauri huo ni sahihi. Tangu daktari Arnold Kegel wa Marekani alipoandika kuhusu mazoezi hayo ya kubana mwaka 1948, ushahidi wake umeimarika, hasa kwa wanawake wanaovujwa na mkojo wakikohoa.

Lakini kamba haina uhai, msuli unao. Msuli hutoa nguvu kwa kujifupisha, na uliokwisha kujifupisha hauna pa kwenda. Mchukue mtu aliyekunja ngumi tangu alfajiri bila kuifungua: jioni mkono unamuuma na kutetemeka, na ukimpa kikombe hakishiki vizuri, kwa kuwa vidole havikupata nafasi ya kufunguka. Ukimwambia aikaze zaidi ngumi hiyo, utamzidishia maumivu. Sakafu ya nyonga iliyokakamaa hufanya vivyo hivyo: mkojo hutoka kwa kusitasita, choo hupita kwa shida, tendo la ndoa huuma, na, jambo linalonishangaza hadi leo, mkojo unaweza kuvuja vilevile, kwa sababu msuli uliochoka kwa kujikaza hauna akiba ya kukabili kikohozi.

Ndiyo maana mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli, huipima misuli hiyo kwanza, mara nyingi kwa kidole chenye glavu na kwa ridhaa ya mgonjwa. Mwenye misuli iliyokakamaa huanzishwa kwa kupumua kwa tumbo, kwani pumzi ikiingia kwa kina, sakafu hiyo hushuka na kulegea. Ushahidi wa tiba hii ya kulegeza, hata hivyo, bado ni mchache kuliko ule wa kubana.

Kupima kuna faida hata kwa anayestahili kubana. Katika utafiti mmoja wa mwaka 1991, wanawake 47 walielezwa zoezi kwa mdomo tu. Karibu nusu walilifanya ipasavyo, na robo walilifanya kwa namna ambayo ingeweza kuchochea mkojo kuvuja. Mbano sahihi huhisiwa kama kuzuia ushuzi na kuvuta ndani na juu, makalio yakiwa yametulia, kisha misuli huachiwa ilegee kabisa kabla ya mbano unaofuata.