Maji ndani ya gari la zamani: anza na njia za kutokea

Wateja wengi ambao magari yao yanaingiza maji hufika gereji wakiwa na jibu tayari: "Fundi, nizibie kioo cha mbele." Kapeti limelowa, kioo kiko juu ya kapeti, basi kioo ndicho kinachovuja. Mara nyingi kuna fundi mwingine ameshapita hapo na tyubu ya silikoni, akapaka kuzunguka kioo chote, na mvua iliyofuata kapeti likalowa vilevile.

Gari halikutengenezwa lizuie maji yote. Yameruhusiwa kuingia sehemu nyingi tu: ndani ya milango, chini ya wipa, kwenye fremu ya dirisha la paa. Halafu yamewekewa njia ya kutokea. Gari likiwa jipya njia hizo ziko wazi. Likifika miaka 20, na mengi ya Kijapani yanayozunguka Dar es Salaam yamefika huko, zimejaa majani na matope, au kuna mtu amezivuruga akitengeneza kitu kingine. Ndiyo maana siulizi kwanza maji yanaingilia wapi. Nauliza yalitakiwa kutokea wapi, na kwa nini hayajatoka.

Ni maji gani?

Kabla ya kushika bisibisi, gusa maji yenyewe na uyanuse. Maji ya mvua huacha tope jepesi na harufu ya udongo kapeti likianza kukauka. Maji ya AC ni safi, na hutokea hata Januari wakati hakuna wingu. Maji ya hita ni yale yale ya redieta: kama umeweka kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, yatakuwa na rangi, yanateleza vidoleni, yana harufu tamu kidogo, na kioo cha mbele kitapata ukungu wa mafuta ambao kitambaa kinausambaza tu. Usiyaonje, kulanti ni sumu.

Shida yetu ni kwamba wengi wanajaza redieta maji ya bomba, kwa hiyo rangi na harufu hazisaidii. Hapo weka alama kwenye chupa ya akiba asubuhi injini ikiwa baridi, kisha uangalie baada ya siku chache kama kiwango kimeshuka. Kikishuka, shuku hita. Huku pwani hita haina kazi, na mafundi wengi huitoa kwenye mzunguko kwa kuunganisha mipira yake miwili upande wa injini. Kwa gari lisilopanda Njombe wala Mbeya sina ugomvi na hilo. Ukiishi nyanda za juu utaihitaji kufuta ukungu kiooni asubuhi, kwa hiyo badilisha hita yenyewe.

AC inayomwagia ndani

Mama mmoja alileta RAV4 ya mwaka 2003, mwezi wa Februari, jua linawaka. "Fundi, mvua hakuna, gari ndani silioshi, na hapa mbele kwa abiria kunaelea." Kioo cha mbele kilikuwa kimezungushiwa silikoni nyeupe kona zote nne.

Tukaliwasha, tukafungua AC, tukasubiri. Kwa unyevu wa hewa wa huku, gari lenye AC inayofanya kazi lazima liache dimbwi chini yake. Chini ya RAV4 ile palikuwa pakavu kabisa. Maji hayo hutoka kwenye evaporeta, kile kipoza hewa cha AC, ambayo kwenye magari yetu ya usukani wa kulia mara nyingi hukaa nyuma ya droo ya dashibodi, upande wa kushoto. Kutoka kwenye boksi lake kuna kijibomba cha mpira kinachotoboa ukuta wa injini na kuishia nje kikitazama chini. Vumbi, nyuzi na ute wa ukungu hujikusanya humo mpaka kinaziba, boksi linajaa, na maji yanarudi kabini.

Tulilinyanyua gari, nikakibana kile kijibomba kwa vidole viwili na kukiminya kuanzia juu kwenda chini. Kikatoka kipande cha ute mweusi, kikanasa mdomoni, nikakivuta. Nyuma yake maji yakaja yote kwa pamoja yakanimwagikia hadi kwenye kiwiko. Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko ile ya kukwangua silikoni.

Usipulize huko kwa upepo wa kompresa kutoka chini. Unaurudisha uchafu juu kwenye boksi, na utaziba tena baada ya muda mfupi.

Chini ya wipa

Hapa ndipo mwarobaini unapotuumiza. Ni mti mzuri wa kivuli, kila mtu anaegesha chini yake, lakini vijani vyake ni vidogo vya kutosha kupenya matundu ya ile plastiki nyeusi iliyo chini ya kioo cha mbele. Chini ya plastiki kuna mfereji wa bati wenye tundu la kutokea maji kila upande. Majani yakioza humo yanakuwa udongo kabisa. Nimewahi kukuta mche umeota. Mvua kubwa ikija mfereji unajaa, na jambo wasilolijua wengi ni kwamba humo humo ndimo feni ya AC inamovutia hewa ya nje. Maji yakipanda kufikia mdomo huo, yanaingia kwenye feni na kushukia miguu ya abiria. Dalili yake: kapeti linalowa siku ya mvua kubwa tu, manyunyu hayafanyi kitu, na chujio la hewa ya kabini, kama gari lako linalo, ukilichomoa limelowa.

Ng'oa wipa, toa plastiki, zoa uchafu kwa mkono. Usiusukumie matunduni kwa maji ya presha. Kisha mwaga ndoo na utazame chini: maji yanatakiwa yatoke nyuma ya madigadi pande zote mbili, kwa kasi ile ile uliyoyamwaga.

Milango

Nikiambiwa nitaje chanzo kinachosahaulika kuliko vyote, nitataja ile nailoni ya ndani ya mlango. Kila mvua ikinyesha, maji hupita kati ya kioo na mpira wake na kudondokea ndani ya mlango. Hiyo ni kawaida. Yanateremka hadi chini na kutokea kwenye vitundu vya ukingo wa chini. Kinachoyazuia yasije upande wako ni nailoni iliyobandikwa kwenye bati kwa gundi nyeusi laini isiyokauka, nyuma ya kava la mlango.

Sasa mlango wa gari la miaka 20 umefunguliwa mara ngapi? Mashine ya kioo imekufa, kitasa kimevunjika, kijana wa redio ameweka spika kubwa. Kila mmoja akichana nailoni kidogo, na wa mwisho akaitupa kabisa kwa sababu "haina kazi". Baada ya hapo mvua ikinyesha maji yanadondokea nyuma ya kava, yanashuka hadi kizingitini na kuingia chini ya kapeti. Ukiona kava la mlango limevimba au kubanduka ukingo wa chini, usitafute mbali.

Kurekebisha ni rahisi, ila kuna sehemu moja ya kuwa makini nayo. Nunua nailoni nzito ya ujenzi, ikate kwa kufuata ile ya zamani au umbo la mlango, na uibandike kwa gundi ile nyeusi laini ya mkanda, siyo gamu ya viatu. Ukingo wa chini wa nailoni uuingize ndani ya bati la mlango kupitia ule upenyo mrefu, ili tone linaloteleza juu ya nailoni lirudi ndani ya mlango. Ukiuacha ukining'inia nje ya bati, umejenga mfereji wa kuelekeza maji kwenye kapeti. Halafu zibua vitundu vya chini kwa bisibisi ndogo. Mlango uliozibwa huko chini utausikia: ukiufunga kwa nguvu maji yanacheza ndani.

Dirisha la paa na buti

Dirisha la paa lina trei inayolizunguka, na kwa kawaida kona zake nne zina mabomba membamba yanayoshuka ndani ya nguzo za gari. Mpira wa kioo chake haukusudiwi kuzuia kila tone. Dari ikiwa na doa karibu na nguzo, mimina kikombe cha maji taratibu kwenye kona ya trei na uangalie kama yanatoka chini. Yakisimama, pitisha uzi mnene wa plastiki wa mashine ya kukatia nyasi, taratibu. Upepo wa kompresa hapa ni hatari zaidi kuliko kwenye AC, kwa sababu unaweza kulichomoa bomba kwenye maungio yake ndani ya nguzo, na kulirudisha ni lazima ushushe dari yote.

Buti lenye maji kwenye shimo la tairi la spea, anza na taa za nyuma. Gasketi zake za sponji hukauka na kuwa ngumu. Kisha taa ya juu ya breki, spoila, na maungio ya bati kama gari limewahi kugongwa nyuma: kuna mafundi bodi wanaopaka fila na rangi juu ya maungio bila kuweka gundi yake, na kwa nje huwezi kujua. Njia bora ni mtu kuingia butini na tochi, umfungie, mwingine amwage maji nje. Funguo zibaki kwa aliye nje, na asiende kunywa chai.

Jaribio la mpira wa maji

Kama bado hujapata, toa kapeti, kausha kila kitu, kisha tumia mpira wa maji wa kawaida usio na bomba la mbele. Maji yatiririke tu. Mashine ya presha ya kuoshea magari inasukuma maji hata pasipovuja, utaziba visivyohusika. Anza chini, upande juu polepole, sehemu moja kwa dakika kadhaa, na mtu awe ndani amelala na tochi. Ukianzia kwenye paa maji yatashuka kila mahali na hutajua ni wapi yameingilia. Aliye ndani asiangalie dimbwi. Aangalie juu yake, afuate waya, nguzo na kingo za bati, maana tone linaweza kuingilia kwenye nguzo ya mbele na kutokea chini ya kiti cha nyuma.

Mipira ya milango nina njia mbili za kuipima. Noti: ifungie mlangoni kisha uivute, ikitoka bila upinzani, mpira umelala au mlango umeshuka bawabani. Na sabuni: funga vioo vyote, weka feni ya AC mwisho ikivuta hewa ya nje, halafu pulizia maji ya sabuni kwa nje kwenye kingo. Panapopumua patatoa povu.

Na kioo cha mbele? Ndiyo, kinaweza kuvuja, hasa kama kilibadilishwa baada ya kupigwa jiwe na bati la chini likaachwa na kutu. Lakini dawa yake ni kukitoa, kusafisha kutu, kupaka praima na kukirudisha kwa gundi nyeusi ya poliyurethani inayotengenezwa kwa ajili ya vioo vya magari. Silikoni ile inayonuka siki haifai hapo. Asidi inayotoka ikikauka inakula bati lisilo na rangi, na mabaki yake yanazuia gundi halisi isishike. Anayekupakia silikoni anamwongezea kazi fundi anayekuja.

Kukausha

Kuliacha gari juani siku nzima hakutoshi. Juu ya kapeti patakauka, lakini sponji iliyo chini yake itabaki imelowa wiki nzima, na bati chini ya sponji litaanza kuoza. Viti vitoke, kapeti litoke, sponji ianikwe peke yake. Kabla ya kuchomoa soketi za njano chini ya viti, ambazo ni za eabegi (mifuko ya hewa ya ajali) na mikanda, toa waya wa hasi wa betri na usubiri dakika kadhaa. Usiwashe swichi mpaka soketi zote zimerudi, la sivyo taa ya eabegi itawaka na kubaki inawaka.

Fungua pia soketi zilizo pembeni ya miguu na chini ya kapeti. Ukiona unga wa kijani, hapo ndipo zinapozaliwa zile hitilafu za ajabu: kioo kinachoshuka chenyewe, taa zinazowaka gari limezimwa. Safisha kwa dawa ya soketi na brashi laini sasa hivi, usisubiri zianze.

Maji yaliyopanda kutoka chini, kwa mfano umepita Jangwani, Dar es Salaam, mafuriko yamejaa, ni hesabu nyingine. Hapo angalia vizibo vya mpira vya sakafu, maana gari lililopigwa rangi mara nyingi hurudi na kimoja au viwili pungufu, na vipya ni bei rahisi. Kagua pia mafuta ya gia na ya difu: yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yabadilishe kabla hujalitembeza tena.