Dawa kabla haijafika kwa binadamu, nani anapima kama itaharibu mbegu na mayai? Seli au panya?

Swali: Sumu ya vinasaba vya uzazi ndo nini hasa?
Ni kemikali inayoharibu DNA ndani ya mbegu ya kiume au yai. DNA ya ngozi ikiharibika shida inabaki kwako, ila ya mbegu au yai ikiharibika mtoto anaweza kuzaliwa na hiyo kasoro mwili mzima na yeye akairithisha, ndo maana hili jambo sio la kuchukulia poa.

Swali: Hizo seli za maabara wanazipimaje?
Zinakuzwa kwenye visahani, zinawekewa kemikali, wanaangalia zinavyogawanyika. Kromosomu (vifurushi vinavyobeba DNA) ikivunjika, kipande kinaachwa nje ya kiini kama kijipunje kidogo, darubini inakiona. Kuna na kipimo cha Ames, bakteria wa salmonela walioharibiwa jeni moja wasiweze kujitengenezea histidini (kirutubisho wanachohitaji ili wamee), sasa wakianza kumea kwa wingi pale pasipo na histidini ya kutosha ujue kemikali imebadilisha DNA yao. Siku chache tu majibu yapo na kemikali haijaribiwi kwa mnyama mzima.

Swali: Mbona panya bado wanatumika?
Hapa ndo penye kazi. Kwa binadamu mbegu inaiva kwa miezi miwili na zaidi, katikati ya safari kromosomu zinapungua toka 46 hadi 23, mgawanyiko ambao seli za ngozi au damu haziufanyi kabisa, na muda wote huo mbegu zinalelewa na seli za Sertoli, walezi wa ndani ya korodani, zinazozuia vitu vingi vya kwenye damu visipite. Huwezi kuyaweka yote hayo kwenye kisahani kirahisi. Alafu kuna ini, kemikali nyingine inageuka sumu ikishavunjwa na ini, kwa hiyo kwenye kisahani wanaongeza vimeng'enya vya ini, na mara nyingi vinatoka kwa panya haohao, hili watu wengi hawaambiwi. Ila matumaini yapo, mwaka 2011 watafiti wa Japani walikuza vipande vya korodani za panya wachanga mpaka mbegu zikaiva na zikatoa watoto wazima.

Swali: Kwa hiyo seli zikionyesha safi, dawa ni salama?
Hapana, inamaanisha seli zile hazikuharibika, basi. Na dawa nyingine tunajua kabisa zinagusa DNA, mfano nyingi za kemotherapi, zinatolewa kwa sababu saratani haisubiri. Kama wewe au mwenzio mnaanza tiba hiyo, muulizeni daktari kuhusu kugandisha mbegu au mayai kabla ya dozi ya kwanza, na baada ya tiba msiache kinga ya mimba mpaka awaambie.