Uza kondoo kabla ukame haujakupangia bei

Wafugaji wengi wanaonipigia simu huuliza kitu kimoja: "Daktari, nifuge kondoo gani wanaolipa?" Wanatarajia niseme Dorper. Dorper ni kondoo mzuri kweli, ana nyama na hukua upesi. Alianza kuzalishwa Afrika Kusini miaka ya 1930. Lakini mimi huwarudishia swali: mvua za vuli zikikataa, utauza wangapi, na tarehe ngapi?

Hapa Kajiado nimeona fedha nyingi zikipotea kwa sababu ya kusubiri. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua ilishindwa misimu mitano mfululizo katika maeneo makavu ya Kenya, na zaidi ya mifugo milioni 2 ikafa. Wengi wa waliopoteza mifugo yao walikuwa na kondoo wanaouzika miezi mitatu kabla. Walingoja mvua. Walipofika sokoni, kila mtu alikuwa sokoni, na kondoo walikuwa mifupa.

Kwa hiyo nawaomba wafugaji waweke tarehe ya kuuza mapema. Yangu ni 15 Desemba. Ikifika siku hiyo na nyasi hazijaota, hakuna kikao kingine. Krismasi iko karibu, wanunuzi wapo, na kondoo bado wana mwili.

Nilipiga hesabu hii na mama mmoja mwenye kondoo 20, tumekaa kwenye vivuli vya migunga, tukiandika nyuma ya daftari la mtoto wake. Kondoo wa kilo 35 anahitaji takriban kilo 1 ya majani makavu kwa siku. Kondoo 20 kwa siku 90, hadi katikati ya Machi, ni kilo 1,800. Marobota ya kilo 15 hayo ni 120. Tukachukua bei za mfano: robota shilingi 300 mwezi Desemba, 500 ukame ukikolea. Akingoja, atahitaji shilingi 60,000 ambazo hana. Akiuza 8 mara moja kwa shilingi 8,000 kila mmoja, anapata 64,000. Wale 12 waliobaki watakula marobota 72, yaani shilingi 21,600 akinunua leo. Anabakiwa na zaidi ya 42,000 za karo na dawa, na majike wake wanafika masika wakiwa hai. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nimrudie hesabu polepole.

Mvua nayo ikija huleta hatari ya pili, minyoo. Yule anayenyonya damu tumboni ndiye adui mkubwa. Jike wake mmoja hutaga mayai maelfu kwa siku. Kondoo anakula, anashiba, na bado anakonda, kisha unaona uvimbe chini ya taya. Usinyweshe dawa kundi zima kila mara. Ni gharama, na minyoo huizoea dawa ikaacha kufanya kazi. Funua kope la chini la kila kondoo. Likiwa jekundu, mwache. Likiwa jeupe kama karatasi, mpe dawa leo, na dozi ipimwe kwa uzito wake.

Hapo ndipo ninapomtetea kondoo mwekundu wa Kimaasai. Tafiti zilizofanyika Kenya zilionyesha kwamba anahimili minyoo hii kuliko Dorper, na kwamba kwenye joto na unyevu wa Diani, pwani, alimwacha Dorper mbali sana kwa tija. Sehemu kavu tofauti hiyo haikuonekana. Inaniuma kuona damu yake ikiyeyuka kwa kuchanganywa ovyo tangu madume ya Dorper yalipoanza kusambazwa miaka ya 1970. Baki na majike wekundu, baadhi yao wapandwe na dume la Dorper ili kupata wana-kondoo wa kuuza tu, na wengine wapandwe na dume mwekundu ili mbegu isikatike.

Anayelenga kuuza kondoo wa Idd-ul-Hajj ahesabu nyuma, muda wa kukua na wa mimba: mimba ni siku 150 hivi, na sikukuu yenyewe husogea mapema takriban siku 11 kila mwaka. Kuna pia bima ya malisho, iliyoanza Marsabit mwaka 2010, ambayo hutazama kijani cha nyasi kwa setilaiti. Ikipatikana kwenu, kata kabla ya msimu, na malipo yakija nunua majani.

Sasa, nani auzwe kwanza? Madume waliohasiwa, kisha majike waliochakaa meno, maana hao hawataweza kutafuna majani makavu. Yule mama alikuwa anawafungua midomo mmoja mmoja, mimi nikishika kichwa. Alipofika kwa jike mwenye doa jeupe usoni, fizi zilikuwa tupu mbele.

"Huyu amenizalia mapacha mara mbili," alisema.

Nikamwambia, "Najua, mama. Na leo bado ana mwili."

Akampapasa mgongo, akachovya kidole kwenye rangi, akampaka alama ya kuuzwa.