Kuupata uongozi na kuuweza ni vitu viwili

Nikienda kufundisha viongozi wa AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, kule Mbozi, au vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA Tukuyu, swali halikosi: eti mwalimu, kiongozi anazaliwa au anatengenezwa? Jibu lipo na ni fupi. Mwaka 2006 watafiti Marekani walilinganisha mapacha wanaume wa Minnesota, wanaofanana na wasiofanana, wakakuta kurithi kunaeleza kama asilimia 30 ya tofauti katika nani anashika vyeo na nani hashiki. Kinachobaki ni maisha yenyewe. Haya, tumemaliza hilo.

Mimi swali linaloninyima usingizi ni lingine, hivi wanaoupata uongozi ndo wanaouweza? Maana mtafiti wa Marekani Fred Luthans na wenzake walikaa wakawaangalia mameneja wanavyotumia muda wao, kitabu kikatoka 1988, na kumbe waliokuwa wanapanda vyeo haraka ni wale wa kujuana na watu, huku wale ambao kazi kwenye idara zao inaenda na wafanyakazi wameridhika muda wao unaishia kwenye kuwasiliana na kushughulika na watu wao. Waliokuwa na yote mawili ni wachache. Halafu 2020 ukatoka utafiti wa vikundi vya wanafunzi waliopewa kazi ya kufanya pamoja: aliyeongea zaidi ndiye wenzake walimwona kiongozi, hata ukiweka pembeni tofauti zao za akili na tabia, na wanaume wakapata nyongeza ya bure kwa kuwa wanaume tu.

Sasa nenda mkutano mkuu wa AMCOS siku ya uchaguzi. Anasimama mtu ana sauti, anasalimia kwa mbwembwe, makofi. Nyuma kabisa kwenye benchi yuko mama anayeweza kukupigia hesabu ya makato ya kahawa kichwani, pembejeo, ushuru, kila kitu, ila hajawahi kushika kipaza sauti, basi kura hana.

Na umri nao unachanganya watu. Tunadhani aliyekuwa kaka mkuu sekondari atakuwa mwenyekiti mzuri wa kijiji, wakati kaka mkuu nguvu yake inatoka kwa mwalimu wa zamu. Mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda pale Mwanjelwa, Mbeya, hana mwalimu nyuma yake, akizingua wenzake wanahamia kijiwe kingine, kwa hiyo yule kijana anajifunza kubembeleza na kusuluhisha, kitu ambacho kiranja hakuhitaji. Mtafiti wa uongozi Ralph Stogdill alishalisema 1948 baada ya kupitia tafiti 124, kwamba mtu kuongoza hapa haimaanishi ataongoza na pale.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote ni wa zamani, 1939, wa wanasaikolojia Lewin, Lippitt na White. Waliwachukua watoto wa kiume wa miaka kama 10 huko Iowa, wakawaweka kwenye vilabu vya kutengeneza vinyago, kipindi kimoja klabu inaongozwa kwa amri, kingine kwa kushauriana, na kingine kiongozi yupo yupo tu. Utamu uko pale kiongozi anapotoka nje. Wale wa amri kazi inaporomoka, wa kushauriana wanaendelea karibu vile vile.

Hicho ndo kipimo nakitumia hata huku. Kuna kikundi cha kina mama nilikaa nacho, sanduku lao lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu, siku hiyo mwenyekiti kaenda msibani. Mama mmoja akaanza kuita namba, hisa zikahesabiwa kwa sauti mbele ya wote, aliyechelewa akatozwa faini bila ubishi, sanduku likafungwa. Mwenyekiti wao mtu mpole, huwezi hata kumkumbuka sura.

Kwa hiyo AMCOS zinazoniuliza nawaambia kabla ya uchaguzi wapeni wagombea kazi ndogo msimu mmoja, kupokea mbolea, kusimamia mizani, halafu muone. Wananijibu masharti ya chama hayaruhusu. Nimeyasoma, hakuna mahali yanakataza.