Kuzidisha bila amri ya kuzidisha

TIS-100 haina amri ya kuzidisha. Inayo ya kujumlisha, ya kutoa, ya kugeuza alama ya namba, ya kuhamisha namba kutoka hapa kwenda pale, na chache za kuruka kutoka mstari hadi mstari. Halafu, ukishaanza kuizoea, inakuletea namba mbili na kukwambia: zizidishe.

Hii ni gemu ya mwaka 2015, kazi ya Zachtronics, studio ya Mmarekani Zach Barth. Usitarajie picha za kuvutia. Skrini nzima ni maandishi na vijisanduku, kama kompyuta za zamani za ofisini. Kisa chenyewe ni kifupi: mjomba wako Randy amefariki na kukuachia kompyuta ya ajabu ambayo baadhi ya sehemu zake zimeharibika, pamoja na kijitabu cha maelekezo alichokuwa akikiandikia pembeni. Unaifufua kwa kuiandikia programu, fumbo baada ya fumbo.

Mimi huandika programu za upande wa seva, ndiyo kazi inayonilipia kodi ya nyumba. Kwa hiyo swali la watu ni lilelile: umeandika programu kutwa nzima, na usiku unakaa tena kuandika programu, tena kwa gemu uliyoinunua kwa pesa yako? Nimezoea kulijibu kwa kufungua hilo fumbo la kuzidisha, kwa sababu maelezo ya jumla kuhusu "raha ya kufikiri" hayajawahi kumshawishi mtu yeyote.

Kwanza mashine yenyewe. Ina nodi 12, safu 3 zenye nodi 4 kila moja. Kila nodi ni kompyuta ndogo inayojitegemea, na programu yake haiwezi kuzidi mistari 15. Ndani ya nodi mna sehemu mbili tu za kuweka namba. Moja inaitwa ACC, na humo ndimo hesabu hufanyikia. Nyingine inaitwa BAK, nayo ni stoo iliyofungwa: huwezi kuisoma, huwezi kuijumlisha na chochote, unachoweza ni kunakili ACC iingie humo (SAV) au kuzibadilisha mahali ACC na BAK (SWP). Namba haziruhusiwi kupita 999 wala kushuka chini ya -999. Nodi huzungumza na jirani zake wa juu, chini, kushoto na kulia, basi.

Sasa tuzidishe A kwa B. Kila aliyemaliza shule ya msingi anajua kwamba 3 mara 4 ni kujumlisha 4 mara tatu. Tatizo ni kwamba zoezi hilo linahitaji kukumbuka vitu vitatu kwa wakati mmoja: B unayoijumlisha, hesabu ya duru zilizobaki, na jumla uliyofikia. Nodi ina sehemu mbili. Lazima kazi igawanywe.

Wazo linalokuja haraka ni hili: nodi ya juu, niiite X, itunze B na idadi ya duru, nodi ya chini, Y, itunze jumla. X itume B mara A, kisha itume alama ya mwisho, tuseme -1, ili Y ijue imefika na itoe jibu. Kwenye karatasi inapendeza. Ukianza kuiandika Y unagonga ukuta. Ili Y ijue kama kilichofika ni -1 au ni B, lazima ikiingize kwenye ACC na kukipima. Lakini kikishakaa ACC, jumla imefungiwa BAK, na hakuna amri ya kujumlisha ACC na BAK. Unayo namba mkononi, unayo jumla stoo, na hakuna njia ya kuzikutanisha.

Hapo ndipo gemu inapoanza kuwa tamu, na utamu wake unaanzia kwenye kukosa. Ungekuwa na sehemu ya tatu tu ya kuweka namba, fumbo lingekwisha kwa dakika mbili na usingelikumbuka kesho. Kwa kuwa huna, unalazimika kuuliza jambo ambalo kwenye kompyuta ya kawaida haliulizwi: je, ni lazima kinachopimwa na kinachojumlishwa kiwe namba moja?

Si lazima. X inaweza kutuma kwanza ishara, kisha namba. Ishara ikiwa si sifuri, maana yake kuna namba inafuata. Ikiwa sifuri, kazi imekwisha. Y inaipima ishara, kisha inairudisha jumla kwenye ACC na kuijumlisha moja kwa moja na kile kinachosubiri mlangoni, bila kukiweka popote. Hapa MOV huhamisha namba, ADD hujumlisha kwenye ACC, JMP huruka hadi mstari uliotajwa, na JEZ huruka ikiwa tu ACC ni sifuri. UP na DOWN ni jirani wa juu na wa chini, na S na E ni majina ya mistari:

S: MOV UP ACC
JEZ E
SWP
ADD UP
SAV
JMP S
E: SWP
MOV ACC DOWN

Angalia mstari wa saba. Ishara ya mwisho ni sifuri, nayo iko ACC. SWP inaitoa jumla stoo ili itumwe chini, na papo hapo ile sifuri inaingia stoo. Yaani jumla ya hesabu inayofuata imeshaanza na sifuri bila mtu kuandika amri ya kuifuta. Programu ikifika mwisho hurudi yenyewe mstari wa kwanza, na kila kitu kiko tayari. Hiyo sifuri haikuwekwa kwa kusudi hilo. Imetokea tu kwamba alama ya kumaliza na thamani ya kuanzia ni namba moja, na mashine ikajisafisha.

Na X je? Inahitaji ishara isiyo sifuri katika kila duru, na sifuri mwishoni. Unaweza kuandika MOV 1 DOWN ndani ya duru na MOV 0 DOWN baada yake. Kisha unatazama tena na kuona kwamba X tayari inabeba namba ambayo si sifuri kila duru ikiendelea na ni sifuri zikiisha: idadi ya duru zilizobaki. Itume hiyo hiyo. (B inaingia kutoka kushoto, LEFT, na A kutoka juu; SUB hutoa.)

S: MOV LEFT ACC
SAV
MOV UP ACC
L: MOV ACC DOWN
JEZ S
SUB 1
SWP
MOV ACC DOWN
SWP
JMP L

Mistari 11 imekuwa 10. Kasi haikubadilika hata kidogo, na hakuna mtu atakayekulipa kwa mstari mmoja. Lakini kitu kimoja kinafanya kazi mbili, na ukishaliona hilo huwezi kuvumilia kulirudisha lilivyokuwa. Mimi nikiulizwa raha iko wapi, naonyesha kidole hapo. Haiko pale namba zote zinapolingana na gemu kukuambia umepita. Hiyo ni afueni tu.

Si gemu zote za mafumbo zinazotoa raha ya aina hii. Kitendawili cha mdomoni kina mwenyewe: anayetega analo jibu, na ukishindwa unampa mji akuambie. Baba Is You ya Arvi Teikari wa Finland, iliyotoka 2019, iko upande huo. Sheria za gemu ni maneno yanayoonekana kwenye skrini, nawe unayasukuma ili ukuta usiwe tena kizuizi au jiwe ligeuke kuwa wewe. Naipenda sana, imenikosesha usingizi. Ila mara nyingi mtunzi amekutangulia, amekaa pale kwenye jibu anakusubiri. Ukifika unasema "kumbe!" na fumbo limekufa. TIS-100 haimtangulii mtu. Inajua namba zinazoingia na namba zinazotakiwa kutoka, na inazilinganisha. Njia ya katikati haina mwenyewe mpaka wewe uijenge, na ukishaijenga inabaki hai, kwa sababu inaweza kujengwa upya.

Jambo jingine linalonivuta kama mtu wa kazi hii ni kusubiriana. Nodi ikituma namba, inasimama hadi jirani aichukue. Ikitaka kusoma na hakuna kilichotumwa, inasimama pia. Hakuna foleni katikati. Kutokana na kanuni hiyo moja unapata uratibu wote bila kuuandika: Y haiwezi kukosa namba wala kuisoma mara mbili, hata X ikichelewa namna gani. Unapata pia balaa lake. Panga nodi mbili ili kila moja isubiri kusoma kutoka kwa mwenzake, na zitasimama zikitazamana mpaka uzime kompyuta.

Hili si jambo la gemu tu. Mwanasayansi wa kompyuta Tony Hoare alilieleza kwa kina mwaka 1978 katika makala yake kuhusu programu zinazowasiliana kwa kupeana ujumbe, na anayetumia Go, lugha ya kuandikia programu, leo atalitambua mara moja, kwa sababu chaneli zake (njia za kupitishia ujumbe) zisizo na akiba zinasubirishana vivyo hivyo. Kuna hata chipu halisi yenye sura inayofanana na mashine ya mjomba Randy: GA144 ya GreenArrays, yenye kompyuta ndogo 144, kila moja ikiwa na kumbukumbu finyu mno na ikizungumza na jirani zake. Nimefanya kazi miaka mingi na mifumo inayotumiana ujumbe, na sijaona mahali pengine ambapo kukwama kwa namna hii kunaonekana kwa macho kiasi hiki. Unabonyeza hatua moja moja na kuona nodi zote mbili zimeandikiwa kwamba zinasubiri. Kazini ningekuwa nachimba kumbukumbu za seva tatu tofauti ili kujua hilohilo.

Ndiyo maana lile swali la "kazi baada ya kazi" naona limekosea mahali. Kazini, sehemu ndogo ya siku ndiyo hutumika kufikiri. Inayobaki ni kuuliza mteja alimaanisha nini, kusoma maelekezo yaliyopitwa na wakati, na kungoja ruhusa. Masharti nayo hubadilika Alhamisi jioni. TIS-100 imeondoa vyote hivyo na kuacha kiini peke yake. Mashine nzima imeelezwa katika kurasa chache, na kilichoandikwa humo ni kweli. Gharama yake nayo ipo: haikufundishi kuandika programu ambayo mwenzako ataisoma. Ile sifuri ninayoisifia, mtu akiniletea kazini bila maelezo pembeni, namrudishia.

Kwa ambaye hajawahi kuandika programu, nisingeanza na hii. Kuna Human Resource Machine ya Tomorrow Corporation, ya mwaka huohuo 2015, ambapo unampangia mfanyakazi wa ofisini hatua za kuchukua namba upande mmoja na kuzitoa upande wa pili. Mantiki ni ileile, mkono ni mlaini zaidi. Opus Magnum ya Zachtronics, ya 2017, nayo inaingilika: unajenga mashine za kuunganisha viini vya kialkemia, nafasi ni tele, na karibu kila mtu hupita. Zinapendeza kuzitazama zikizunguka, na gemu inakuruhusu kuihifadhi mashine yako kama picha inayocheza. Kwangu ina ulegevu kidogo. Nakosa ule mstari wa 15.

Ukishapita fumbo la TIS-100, inakuonyesha grafu tatu: mizunguko (hatua za mashine) ambayo programu imetumia, idadi ya nodi, na idadi ya amri. Kila grafu inaonyesha wachezaji wengine wameangukia wapi, na alama inaonyesha ulipo wewe. Husomi suluhisho la mtu. Unaona mlima wa wengi, na kushoto kabisa wachache waliofika mahali ambapo ulidhani hapafikiki. Habari hiyo peke yake inatosha kukurudisha mezani, maana sasa unajua njia ipo. Grafu hizo ndizo zinazohitaji intaneti. Mafumbo yenyewe hayahitaji, na laptop kuukuu inayatosha.

Vipimo hivyo vitatu havipatani, na hilo ni la makusudi. Chukua tena X. Ukitaka kasi, jambo la kwanza la kujaribu ni kuiandika duru mara mbili mfululizo ili JMP itumike mara moja kila duru mbili. Hesabu: mistari 3 ya kupokea, 6 ya duru, 6 nyingine, na JMP moja. Jumla 16. Umezidi kwa mstari mmoja, na hakuna wa kumlalamikia. Njia nyingine ni kulinganisha A na B kwanza ili duru zifuate iliyo ndogo, kwani 9 mara 2 kwa mpango wangu ni duru tisa badala ya mbili. Lakini ulinganishaji unahitaji nodi ya kuufanyia, na grafu ya pili inakusogeza kulia. Mimi ni mtu wa kupunguza amri, kwa hiyo X yangu imebaki na mistari yake 10. Anayetaka kasi aanze kwa kumtazama jirani wa kushoto anayeileta B. Huyo ana mstari mmoja tu, MOV UP RIGHT, na nafasi 14 tupu.