Lipasi iliyobadilishwa sio mdudu jamani

Tangu kampeni ya kusoma lebo ianze tunapokea maswali mengi kuhusu lipasi zilizobadilishwa kwenye sabuni za kufulia, na mengi ni yaleyale, eti zinaota kwenye nguo, eti zinazaliana. Hazizaliani. Lipasi ni kimeng'enya kinachokata mafuta, kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi ya kikemia, na protini haizai, hili tumeshalijibu hadi tumechoka.

Kinachobadilishwa chenyewe ni kidogo. Chukua lipasi ya kuvu Thermomyces lanuginosus, ilianza kuuzwa kwa ajili ya sabuni mwaka 1988, ina asidi amino 269, vipande vinavyojenga protini, zimepangana kama shanga kwenye uzi. Juu ya sehemu inayokata mafuta kuna kamfuniko, ikiwa kwenye maji matupu kamefunga, ikigusa mafuta kanafunguka kazi inaanza. Sasa shanga namba 96, karibu na hako kamfuniko, ina chaji hasi, na uso wa doa la mafuta ndani ya maji ya sabuni nao una chaji hasi, kwa hiyo vinasukumana. Wataalamu wakaitoa hiyo moja wakaweka lusini, asidi amino isiyo na chaji, na lipasi ikashika doa vizuri zaidi. Shanga moja tu!

Wenye viwanda sasa, sikilizeni. Faili la kuomba kibali lionyeshe jeni (maagizo ya kutengeneza lipasi) imetoka kwa kiumbe gani, kiumbe gani kinazalisha hiyo lipasi, mpangilio mzima wa asidi amino, ushahidi kwamba kiumbe mzalishaji hakijabaki hai kwenye bidhaa, na vipimo vya kila bechi kwa yuniti za utendaji, sio gramu, maana gramu inaweza kuwa protini iliyokwishakufa. Ukibadilisha shanga hata moja baada ya kibali hilo ni faili jipya, sio kiambatisho, tafadhali msilete viambatisho. Ukiuza kabla ya kibali mzigo unazuiliwa, sampuli inapimwa kwa gharama yako, na kesi yako inasubiri foleni kama za wengine.

Cha kuogopa ni vumbi. Miaka ya 1960 wafanyakazi wa viwanda vya sabuni walipata pumu kwa kuvuta vumbi la vimeng'enya, ndo maana siku hizi vinafungwa ndani ya punje zenye ganda. Kwa hiyo msizisage hizo punje.

Na malalamiko kwamba sabuni ni "feki": wengine mnaimwagia maji yanayochemka, hapo lipasi umeshaipika. Wengine mnategemea doa liishe mara moja, wakati lipasi nyingi za mwanzo zinakata mafuta zaidi nguo ikiwa inakauka, halafu yaliyokatwa yanatoka kwenye ufuaji unaofuata. Fua, anika, fua tena, doa likibaki ndo utuandikie, na namba ya bechi usiisahau.